Walimmwagia poda kabla hajamaliza shimo la mwisho: niliyoyaona nikibeba begi la golf hapa Gisenyi

Wakuu, wenye kustahili shikamoo naomba mzipokee. Wa rika langu, mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, maana niliogopa mtasema nimetunga. Basi nimeamua hivi: niliyoyaona kwa macho nitasema niliyaona, niliyohadithiwa nitasema nilihadithiwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Wale wa "picha tafadhali", picha ipo moja na nimefumba macho, kwa hiyo siiweki.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni binti, naishi Gisenyi, Rwanda, huku kwenye ziwa Kivu. Ukitembea kidogo tu uko mpakani, ng'ambo ni Goma. Nilizaliwa Karagwe, wazazi wakarudi Rwanda nikiwa mdogo. Ndiyo maana wenzangu wananicheka Kiswahili changu, wanasema naongea kama redio. Kazini jina langu ni "Tanzania", hata mabosi wananiita hivyo.

Shule niliishia kidato cha tatu. Kiingereza changu ni cha kuambia mzungu "good shot" na "sorry sir, water".

Kazi yangu ni caddie. Yaani nabeba begi la vyuma vya mchezaji wa golf, namfutia mpira, namwambia upepo unatoka wapi, na akikosea nanyamaza. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Uwanja wetu ni mdogo, mashimo tisa tu, uko kwenye mteremko juu ya ziwa. Ukimaliza tisa unarudia, zinakuwa kumi na nane. Kwa wasioujua huu mchezo: kila shimo lina idadi ya mapigo inayotegemewa, inaitwa par, na mwenye mapigo machache mwisho wa safari ndiye mshindi. Siku nne mnacheza, mnajumlisha. Basi. Mengine ni mbwembwe za nguo.

Shimo letu la mwisho sisi macaddie tunaliita Duwani. Mnajua duwani ni wapi, ni pale forodhani, hupiti bila kuacha kitu. Unapiga kutoka juu, kulia una ukuta wa mawe meusi ya volkano, kushoto una ziwa mwanzo mpaka mwisho, na ile green yenye shimo iko kwenye kidomo cha ardhi kilichoingia majini. Saa za mchana upepo wa ziwa unaamka. Sijui watu wangapi wameacha mipira yao humo, lakini wavuvi wetu wanaijua vizuri, inawanasia kwenye nyavu.

Sasa mtu wangu.

Anaitwa Fideli. Ni pro, tena pro wa hapa hapa, mzaliwa wa Nyamyumba, huko kwa wavuvi. Anafundisha golf maofisa na wafanyabiashara na watoto wao, halafu likija shindano la mapro wa ukanda huu naye anaingia. Mtu mpole sana. Akipiga vibaya anauomba mpira msamaha. Kweli kabisa, anauambia "pardon".

Amelelewa na shangazi yake, Mama Zawadi. Kwa Kinyarwanda shangazi upande wa baba tunamwita masenge, na masenge si mtu wa mchezo. Masenge akisema kaa, hata ukiwa na ndevu unakaa. Huyu Mama Zawadi alikuwa anauza sambaza za kukaanga kwenye geti la uwanja wetu. Sambaza ni visamaki vidogo vya ziwa letu, unakula na kichwa chake chote. Macaddie wote tumekulia kwenye beseni lake.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Fideli, kishikeni maana kitarudi. Akiwa anataka kupiga, huwa anaguna kawimbo. Ni ile ya kupigia makasia, wavuvi wa kwao wanaiimba ili mikono yote iende pamoja. Anaiguna chini chini, hm-hm-hmmm, kwenye hm ya tatu mpira umeondoka. Mimi kazi yangu nikaijengea hapo. Nikisikia wimbo, najua yuko sawa. Wimbo ukikatika, najua kuna shida hata kabla mwenyewe hajajua.

Haya, tuingie kwenye stori.

Mwaka juzi shindano la mwisho la msimu lilikuja kuchezwa kwetu. Mapro wa nchi zote hizi za jirani walikuja. Na mshindi hapewi kikombe tu. Anapewa nafasi ya kwenda kucheza mchujo wa moja ya zile meja nne, zile kubwa kabisa za dunia tunazoziona kwenye TV ya baa ya klabu.

Nitawaambieni ukweli, mimi usiku nikilala najiona huko. Nimevaa lile vazi jeupe la macaddie wa meja, mgongoni jina la Fideli kwa herufi kubwa, nimebeba begi, watu wamejaa pande zote. Hata simpi Fideli ushindi kwenye ndoto. Kutembea tu huko kunanitosha.

Siku nne zile Fideli alicheza kama malaika. Tukafika Duwani siku ya mwisho akiwa anaongoza kwa mapigo matatu. Matatu, wakuu, na shimo moja tu limebaki! Ungeweza kupiga na jembe ukashinda.

Na hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo nadhani duniani kote lingeweza kutokea Gisenyi tu.

Ng'ambo pale Goma, mwanafunzi akifaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, ndugu wanammwagia poda. Ile poda nyeupe ya watoto. Kichwani, usoni, mabegani, unamuona mtu anatembea barabarani kama ametoka kwenye gunia la unga, anacheka, na kila mtu anajua huyo amefaulu. Huku kwetu nasi tumeizoea. Mama Zawadi aliishi Goma miaka mingi, kwake hiyo ndiyo hongera yenyewe.

Tukiwa tunapanda kutoka shimo la nane kwenda Duwani, kuna kinjia chembamba katikati ya watu. Mama Zawadi akatokea hapo na wamama wenzake wa samaki. Amesikia "matatu", amesikia "limebaki moja", moyo wake umeshamaliza hesabu.

"Fideliii! Mwana yangu! Umeshinda!"

Poda, wakuu. Kopo zima. Mimi mwenyewe nilipata nusu.

Watu wakapiga vigelegele, wamama wakacheza, afande mmoja aliyekuwa anazuia watu akaacha kuzuia akapiga makofi. Fideli alicheka. Nilimfuta uso, nikamfuta mikono kwa taulo yenye maji, nikafuta na mshiko wa driver, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Poda yote ya mikononi nikaitoa, hilo naapa.

Lakini aliposimama kupiga, sikusikia wimbo.

Mpira wa kwanza ziwani. Adhabu, akatoka. Mpira wa pili akaupiga kuelekea green, upepo ukaudaka kama mtoto anavyodaka chapati, ziwani. Adhabu tena. Alipokuja kumaliza alikuwa amepiga nane kwenye shimo la mapigo manne. Mganda mmoja aliyekuwa nyuma yake akapiga nne zake za kawaida, akamshinda kwa pigo moja.

Mnajua sauti ya watu wengi waliokuwa wanashangilia wakinyamaza pamoja? Ikawa "yooo", ile yooo ya Kinyarwanda ya huruma, ikashuka mpaka majini.

Fideli akavua kofia, akampa Mganda mkono, akamwambia hongera kwa moyo kabisa. Kwenye nyusi zake bado kulikuwa na poda.

Nikalia mimi. Yeye hakulia.

Asije mtu kunidanganya kwamba hayo ni ya mapro wadogo wa huku. Kwenye TV ile ile nimeona wakubwa wa dunia, wenye ndege zao, wanaongoza siku tatu nzima, siku ya nne mashimo machache yamebaki wanavunjika kama vikombe. Mtu aliyepiga mpira maisha yake yote unamuona anashika fimbo kama ameshikishwa nyoka. Presha haina mkubwa.

Nimerudi wakuu, mvua ilinyesha network ikaenda nayo.

Baada ya siku ile mji ukatafuta wa kumlaumu, na ukampata. Mama Zawadi. Sokoni wakaanza kumuita Mama Pudre, yaani Mama Poda. Wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Mtu ananunua samaki anasema, "Usinimwagie poda, mi bado sijamaliza kununua." Watu wanacheka.

Yeye alicheka nao siku ya kwanza, ya pili. Halafu siku moja tukafika getini, beseni halipo. Amehamia Nyamyumba, njia ya kwenda maji ya moto, zile chemchemi, anauzia wanaokwenda kujikanda miguu.

Nikamuuliza Fideli kama kweli ni poda. Tulikuwa tunaosha vyuma.

"Poda inanawika, Tanzania," akasema. "Si ulininawisha we mwenyewe?"

"Sasa ilikuwa nini?"

Akaendelea kusugua chuma ambacho kimeshatakata.

"Niliona watu wote wameshafurahi. Nikaogopa kuwanyang'anya. Bon, nikaacha kupiga mpira, nikaanza kulinda furaha ya watu. Na hiyo haipigwi na driver."

Akamwendea shangazi yake akamwambia hivyo hivyo. Nilihadithiwa kwamba mama alimsikiliza, akamfungia sambaza kwenye jani la mgomba, akamwambia, "Mi sitakanyaga kule mpaka ushinde." Akamgeuzia mgongo akaendelea kukaanga.

Mwaka jana shindano likarudi kwetu. Nafasi ya mchujo ile ile.

Fideli sasa ana miaka ambayo kwa mapro si ya kuchezea. Aliniambia wazi, "Tanzania, hii ikinipita narudi kufundisha wazee kupiga mpira, na nitakuwa na amani. Lakini ningependa isinipite." Aliisema kama mtu anayeagiza chai. Mimi ndiye niliyepata homa.

Siku ya kwanza sawa. Ya pili vizuri. Ya tatu, Jumamosi, akachomoka, akalala akiongoza kwa mapigo manne. Nyuma yake Mganda yule yule, tumuite Opio. Mtu mwema sana, nisije nikasahau kusema.

Jioni ile nikachukua moto, ndiyo pikipiki ya abiria huku kwetu, mpaka Nyamyumba. Nikamkuta Mama Zawadi anafunga biashara.

"Mama, njoo kesho."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia tu. Usimame tu."

"We Tanzania, mi niko mukosi. Watu wataniangalia mi badala ya kuangalia mupira."

"Fideli anakutaka."

"Alikutuma?"

Hakuwa amenituma. Akaniangalia akaona macho yangu yameshaanza kujaa maji, mimi kwa hilo sina breki.

"Ayiwee, usilie kwenye mafuta yangu, yataruka," akasema. Akanipa sambaza za bure, akanirudisha kwenye pikipiki. Hakusema atakuja.

Jumapili watu wakatoka kanisani moja kwa moja wakaja uwanjani na nguo zao nzuri. Wakajipanga kwenye ule ukuta wa mawe kama ndege kwenye waya.

Sasa hapa sikilizeni vizuri.

Mji ulikuwa umepatana. Nilihadithiwa baadaye kwamba ilisemwa mpaka kanisani: mwaka huu hakuna kelele, hakuna hongera, hakuna mtu kumsemesha Fideli, tusimharibie tena. Walifanya kwa upendo, jamani. Kwa upendo wa kweli.

Fideli anapita, anasema, "Mwaramutse," ile habari ya asubuhi yetu. Watu wanatikisa kichwa tu. Mama mmoja wa kwaya akaweka kidole mdomoni, kama unavyomnyamazisha mtoto ibadani. Rafiki yake waliyecheza naye utotoni akageuka akaangalia miti.

Hebu fikirieni. Mji ambao ukipita bila kusalimia wanauliza nyumbani kwenu kuna nini. Mji mzima leo haumsalimii.

Mashimo ya kwanza wimbo ulikuwepo. Nikawa nausikiliza kama daktari. Hm-hm-hmmm. Tukamaliza tisa, tukaanza tisa za kurudia, bado upo lakini umeanza kuwa mfupi. Akapoteza pigo moja. Shimo lililofuata akapoteza lingine. Opio naye akapata moja lake. Mapigo manne yakawa moja, hivi hivi, bila ajali yoyote, kama ndoo yenye tundu dogo.

Tukiwa shimo la tano akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tanzania, mbona hawa watu kama wamekuja kunizika?"

Nikampa ndizi. Hakuila.

Shimo la sita wimbo ukakatika kabisa.

La saba na la nane tulitembea kama watu wawili wasiojuana. Aliokoa par kwa shida, mara moja kwenye mchanga, mara moja nyuma ya mti. Kijiti cha kuwekea mpira kikamdondoka mkononi. Tukapanda kile kinjia chembamba, kilekile cha poda. Watu pande zote mbili. Kimya. Unasikia viatu vyetu tu, na vyuma vikigongana kwenye begi mgongoni kwangu.

Tukafika Duwani. Anaongoza kwa moja. Akipata nne zake na Opio akapata nne, kwisha, nafasi ni yake. Akipata tano wanaenda kurudiana wawili. Akipata nane, mnajua wenyewe.

Opio akapiga kwanza, driver, mpira ukaenda mbali katikati ya majani. Mzuri. Hakuna hata mtu aliyekohoa.

Fideli akasimama pale. Akaangalia ziwa. Akageuka akaangalia watu wake wote kwenye ukuta, na akasema kitu ambacho pro hasemi katikati ya shindano:

"Mutu mumoja tu anisalimie, basi."

Si kwa hasira. Alikuwa anaomba.

Kimya. Watu wakaangaliana. Niliona wengine wanataka kufungua mdomo wanaogopa. Nani akubali kuwa Mama Pudre wa pili?

Halafu kutoka nyuma kabisa, nyuma ya ukuta, sauti:

"Fideli! We ulishakula?"

Wakuu, niligeuka na begi lote mgongoni.

Watu wakapasuka katikati. Mama Zawadi huyo hapo, amevaa koti kubwa la kanisani la kuazima, la mwanaume, kola ameipandisha mpaka masikioni ili asijulikane, na beseni la samaki kichwani. Sijui nani hujificha akiwa na beseni la samaki.

Fideli akamuangalia. "Bado, masenge."

"Tangu asubui?"

"Tangu asubuhi."

"Sasa unasimamia nini hapo? Maliza kazi uje ukule, sambaza inapoa!"

Jamani watu walicheka. Ukuta wote. Afande akacheka, Opio akacheka mpaka akashika kiuno, akauliza caddie wake mama amesema nini, akaambiwa, akacheka upya. Yule mama wa kwaya akasema kwa nguvu, "Mwiriwe, Fideli!" Mwiriwe ni salamu ya mchana. Hapo ikafunguka kama bomba. Mwiriwe, mwiriwe, Fideli komera, yaani kaza moyo, jambo Fideli, huyu anauliza mke hajambo, yule anauliza ng'ombe.

Fideli akawajibu wote. Naapa, alijibu mmoja mmoja, mpaka msimamizi akainua kile kibao cha KIMYA.

Akanigeukia. Uso ulikuwa wa yule mtu ninayemjua.

"Unanipa nini?"

Mwaka wa poda tulichukua driver. Nikampa chuma namba tano, kile kifupi cha salama. Akakiangalia, akaniangalia mimi.

"Nacho kitaniacha nyuma ya Opio sana."

"Sana."

"Donc, yaani napiga kama mtu mwenye njaa, si kama mtu mwenye kikombe."

"Ndiyo, kaka."

Akasimama.

Hm-hm-hmmm.

Mpira ukaenda kulia kwa usalama, karibu na ukuta, mbali kabisa na maji. Haukuwa mzuri wa kupigia picha. Ulikuwa mkavu. Akarudia chuma kile kile, ukafika mbele kidogo ya green. Opio kwa mapigo mawili alikuwa ameshapanda juu ya green. Fideli akaunyanyua mpira wake kwa pigo dogo, ukabingirika, ukasimama umbali wa kitanda kutoka kwenye shimo.

Opio akiingiza mpira wake anapata tatu, Fideli akipata nne wanakuwa sare. Aliusukuma vizuri sana. Ulipita mdomoni mwa shimo, ukachungulia, ukakataa. Watu wa ukutani wakasema "yooo" kwa Opio pia, na hiyo nilipenda. Akamaliza kwa nne.

Basi imebaki urefu wa kitanda.

Mimi nilishika kijiti cha bendera nikaangalia viatu vya Fideli, maana mpira sikuweza. Nikasikiliza. Hm. Hm. Hmmm.

Halafu ile sauti ya mpira ukianguka kwenye kikombe cha shimo, kok-kok, kama mtu anabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe.

Na hapo, wakuu, hakuna aliyeshangilia!

Watu wamejifunza mara mbili, sasa wanaogopa kila kitu. Nikasikia mzee mmoja ananong'ona, "Imeisha? Au kuna ingine?" Mpaka Fideli alipotupa kofia juu ndipo mlima wote ulipolia.

Mimi nililia vile vile, lakini hiyo si habari.

Fideli akaja kwenye begi, akafungua mfuko wa chini, akatoa soksi yenye kitu kizito ndani. Siku nne nilikuwa nalalamika hilo begi limeongezeka uzito, ananiambia ni nguo za mvua. Akakunjua soksi. Kopo la poda. Jipya, halijafunguliwa.

Akampelekea shangazi yake, akapiga magoti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Watu wakaanza, "Mumwagie! Mumwagie!" Wale wale wa Mama Pudre.

Mama Zawadi akalishika kopo. Akashusha kola ya koti. Akamuangalia Fideli kutoka juu mpaka chini, kama anakagua samaki.

"Ulishasaini?"

Fideli hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa. Kwenye golf ya mashindano, ukimaliza lazima uhakiki ile kadi ya mapigo yako, uisaini, uikabidhi. Usiposaini, siku nne zako zote zinafutwa. Nilihadithiwa baadaye na caddie mwenzangu kwamba mwaka mzima, kila caddie aliyekwenda kwenye maji ya moto, mama alikuwa anampa samaki na kumuuliza swali lile lile: golf inaishia wapi hasa? Kwenye shimo? Kwenye kikombe? Wapi mtu anakuwa amemaliza kabisa?

"Bado," akasema Fideli.

"Basi nenda. Sisi tuko hapa."

Akaingia kwenye hema la waamuzi. Na mji wote, na nguo zao za kanisani, ukamsubiri nje. Mama Zawadi mbele, beseni miguuni, kopo amelikumbatia kifuani, kifuniko bado kimefungwa. Hakuna aliyemharakisha. Opio alitoka kwanza, akaona tulivyosimama, naye akajiunga nasi akasubiri.

Fideli akatoka, akainua mikono.

"Nimesaini, masenge."

Hapo sasa ndipo kopo lilipofunguliwa.

Ile picha moja niliyowaambia ndiyo hiyo. Fideli mweupe, mama mweupe, Opio mweupe naye hajui kwa nini, na mimi nimefumba macho kwa sababu mama alianza na mimi. Alisema, "Huyu ndiye alikuja kulia kwenye mafuta yangu."

Nilichojifunza, na mniruhusu nikiseme kwa lugha yangu ya kidato cha tatu.

Mtu aliye karibu kumaliza jambo kubwa, usimpongeze kabla hajamaliza. Utampa mzigo wa furaha yako abebe pamoja na wake. Lakini pia usimuogope ukamnyamazia kama mgonjwa. Msalimie. Muulize kama amekula. Hiyo haiongezi chochote kwenye begi lake, nayajua mabegi.

Mchujo bado uko mbele yetu, Fideli anajiandaa, na mimi nimetengenezewa pasi ya kusafiria, kila siku naifungua kuangalia kama bado ni yangu. Tukienda tukavunjika huko, tutakuwa tumevunjikia mahali pazuri.

Mama Zawadi amerudi getini kwetu. Jina la Mama Pudre limebaki, lakini sasa akiitwa anaitika.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani aliwahi kupongezwa mapema mambo yakaharibika? Mtihani, kazi, ndoa, tuambieni. Na kama kuna mtu leo yuko shimo la mwisho la jambo lake, apite tu hapa aseme, tumsalimie.

Mimi nimekaa hapa getini na sambaza zangu, za leo zina pilipili kidogo. Nawasoma.